Unai Emery: mnamwita "kocha wa Alhamisi", lakini mmeangalia rungu lilikuwa kwa nani?

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kwenye ule uzi wa Arteta, aliyemrithi Emery pale Arsenal, kuna mdau kaandika kwamba kocha Mhispania Unai Emery ni "kocha wa Alhamisi", yaani anachoweza ni Ligi ya Europa tu, ile inayochezwa Alhamisi, ukimpa timu ya maana anaiua. Watu wakamgongea laiki kibao. Nilianza kumjibu kulekule, jibu likazidi kurefuka, nikaona bora nimfungulie Emery uzi wake. Ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Hoja yangu naiweka mezani mapema msije mkasema nawazungusha: Emery hajawahi kuangushwa na ukubwa wa timu. Kaangushwa na timu ambazo rungu lilikuwa mkononi mwa mtu mwingine. Alikopewa rungu mwenyewe, hata kama kikosi kilikuwa cha kuungaunga, kafanya maajabu.

Tuanze kwao. Kazaliwa Novemba 1971 Hondarribia, mji wa wavuvi kwenye nchi ya Wabasque, mdomoni mwa mto Bidasoa. Ukivuka mto uko Ufaransa. Ukoo wao ni wa makipa. Babu yake, Antonio Emery, alidakia Real Unión ya Irun, timu ambayo miaka ya 1920 ilikuwa inabeba Kombe la Mfalme. La Liga ilipoanza Februari 1929, goli la kwanza kabisa katika historia ya ligi lilifungwa na Pitus Prat wa Espanyol, na aliyekuwa golini upande wa pili ni huyo babu. Baba naye alikuwa kipa. Unai ndiye aliyekwenda kucheza winga ya kushoto.

Kama mchezaji hakuwa wa kutisha. Alikuzwa Real Sociedad, kikosi cha kwanza mechi za ligi zilikuwa tano tu, halafu akazama madaraja ya chini: Toledo, Racing Ferrol, Leganés, mwisho Lorca, mji wa mkoa wa Murcia ulioko mbali na kelele zote. Huko goti likamgomea. Katikati ya msimu wa 2004/05 timu inayumba, uongozi ukamwambia wewe shika timu. Jana yake anavaa viatu na wenzake chumba kimoja, leo yeye ndiye anayewapanga na kuwaweka benchi. Msimu uleule Lorca ikapanda daraja la pili, na uliofuata ikamaliza nafasi ya tano, imebaki kidogo iende La Liga. Lorca, wakuu!

Almería wakamchukua 2006. Mwaka 2007 akawapandisha La Liga, mara ya kwanza kwa klabu hii ya sasa, na msimu wao wa kwanza wakamaliza wa nane, wakamfunga na Real Madrid 2–0 pale kwao. Ndipo Valencia wakapiga simu.

Valencia naomba mnisikilize vizuri, maana ndiyo sehemu watu wanayoiruka. Aliingia 2008 klabu imezama kwenye madeni, uwanja mpya umesimama zege tupu, mishahara inachelewa. Ili klabu ipumue ikauza: David Villa kaenda Barcelona 2010, David Silva kaenda Manchester City kiangazi hichohicho, Juan Mata kaenda Chelsea 2011. Baada ya msimu wa kwanza wa nafasi ya sita, kamaliza wa tatu, wa tatu, na wa tatu tena. Mwaka 2010 Barcelona walikuwa na pointi 99, Real Madrid 96, Valencia 71. Hapo katikati hakuna binadamu angeingia! Lakini uwanjani kwao Mestalla walimzomea na kumpungia leso nyeupe, eti hana mvuto. Miaka iliyofuata wakaimba wimbo mwingine, wakiitamani hiyo nafasi ya tatu.

Nitaendelea, ngoja nipate kahawa.

#2 – Shabiki wa Arsenal, Tabata

Mkuu, Lorca na Almería ziweke pembeni. Sisi tuliokuwa tunalipa kiingilio kibanda umiza msimu wa 2019 kumwangalia anavyotuua ndio tunajua. Mechi na Watford, tunaongoza 2–0, imeisha 2–2 na wametupigia mashuti 31. Thelathini na moja! Na Watford wenyewe walikuwa wanaburuza mkia. Hapo rungu lilikuwa kwa nani, kwa mlinzi wa geti?

#3 – Mdada wa Nairobi

Heheee, Tabata amekasirika. Mimi niko na swali kabla ya Arsenal. Mbona watu hawazungumzii Urusi? Alienda Spartak Moscow ama niliota?

#4 – Mleta uzi

Hukuota, dada yangu. Tabata subiri zamu yako, nakuja, na hayo mashuti 31 sitayakwepa.

Spartak alitua kiangazi cha 2012. Aliyemleta ni Valery Karpin, mkurugenzi mkuu wa klabu, ambaye kabla ya hapo ndiye alikuwa kocha. Sasa fikiria: unafundisha kwa mkalimani, wachezaji hawakujui, na bosi wako ndiye aliyekikalia kiti hicho kabla yako na ofisi yake iko palepale. Ligi ya Mabingwa kundi lao lilikuwa na Barcelona, Benfica na Celtic. Tarehe 25 Novemba wakapigwa 5–1 nyumbani na Dynamo, mahasimu wao wa Moscow, na siku hiyohiyo Emery akafukuzwa. Aliyerudi kwenye benchi? Karpin. Naishia hapo, maana kwa kweli hakuna kingine cha kueleza.

Januari 2013 Sevilla wakamwokota. Na hapa nitakaa kidogo.

Sevilla wakati ule walikuwa na Monchi, mkurugenzi wa michezo ambaye kazi yake ilikuwa kununua kwa bei ya sokoni na kuuza kwa bei ya dukani. Kila kiangazi kikosi kinavunjwa: Navas na Negredo wanaondoka, mwaka unaofuata Rakitić anaondoka, unaofuata Bacca anaondoka. Kocha wa kawaida angelia. Emery yeye alipenda hali hiyo, kwa sababu kila mwaka alipata darasa jipya la watu wenye njaa. Carlos Bacca, kwa mfano, kabla soka halijamlipa alikuwa konda wa basi kwao Colombia. Mtu kama huyo ukimwekea video ya saa nzima kuhusu mabeki wa kati wa wapinzani, anakaa na kuitazama.

Na video ni ugonjwa wa Emery. Joaquín, yule winga mcheshi aliyekuwa naye Valencia, alitania kwamba aliwawekea video nyingi mpaka bisi zikamwishia. Kuna na kisa cha flashi: alimshuku mchezaji mmoja kwamba hatazami, akampa flashi isiyo na kitu ndani. Kesho yake akamuuliza vipi, umeiona? Jamaa akajibu nimeiona kocha, iko vizuri.

Msimu wa 2013/14 hata hawakustahili kuwa Ulaya. Walimaliza wa tisa mwaka uliotangulia, wakaingia kwa sababu Málaga walifungiwa na UEFA na Rayo Vallecano wakanyimwa leseni. Wakaanzia raundi za mchujo kiangazi. Hatua ya 16 bora wakafungwa 2–0 nyumbani na Betis, mahasimu wao wa mji mmoja, wakaenda kwa Betis wakarudisha zilezile mbili na kushinda kwa penalti. Robo fainali wakapoteza Porto 1–0, nyumbani wakashinda 4–1.

Nusu fainali ikawa dhidi ya Valencia. Sevilla wameshinda 2–0 kwao. Marudiano Mestalla, mashabiki walewale wa leso nyeupe, Valencia wanaongoza 3–0 na saa imeshapita dakika 90. Kila mtu anajua imeisha. Dakika ya 94 Sevilla wanapata mpira wa kurusha. Unarushwa ndani ya boksi, Fazio anaugusa kwa kichwa, na kule nyuma Stéphane Mbia, Mcameroon, anapanda juu ya watu na kuuzamisha. 3–1, goli la ugenini, Sevilla fainali. Emery alitoka mbio benchi lake kama mtu aliyeng'atwa na nyuki.

Fainali Turin na Benfica suluhu, penalti 4–2. Mwaka 2015 Warsaw wakamfunga Dnipro 3–2, mawili ya yule konda. Mwaka 2016 Basel, Liverpool ya Klopp inaongoza 1–0 kwa goli la Sturridge, na kipindi cha kwanza walistahili kuongoza kwa mengi zaidi. Kipindi cha pili kikaanza, zikapita sekunde 17, Gameiro kasawazisha. Halafu Coke, beki wa kulia ambaye siku hiyo kapangwa mbele, akatia mawili. 3–1. Hakuna kocha aliyewahi kulibeba kombe hilo mara tatu mfululizo kabla yake.

Na ili msiseme nampaka mafuta: msimu huohuo wa 2015/16 Sevilla hawakushinda mechi hata moja ya ugenini kwenye La Liga. Mechi 19, ushindi sifuri. Mtu anabeba kombe la Ulaya na hawezi kushinda nje ya mji wake Jumapili. Mpaka leo sijapata maelezo ya kuniridhisha.

#5 – Mzee wa Tanga

Mwanangu, umeandika vizuri, ila usimbebeshe Karpin mzigo wote. Tano bila huruma nyumbani ni tano. Kocha akipigwa hivyo na mahasimu wa mji, hata Simba na Yanga hapa kwetu angekuwa kashafungasha kabla ya wachezaji kuoga.

Nasubiri habari za Barcelona sita.

#6 – Mleta uzi

Shikamoo mzee. Hilo nakubali, matokeo ni matokeo.

PSG sasa. Wenye mali wa Qatar walimchukua 2016 kwa sababu moja: ligi ya ndani kocha aliyetangulia, Laurent Blanc, alishawapa mpaka wakachoka, wanataka Ligi ya Mabingwa. Tarehe 14 Februari 2017 Paris wakaiua Barcelona 4–0. Di María mawili, Draxler, Cavani. Si bahati, Barcelona walikimbizwa mpaka kiungo wao Busquets akawa haonekani. Usiku ule Emery alikuwa kocha bora duniani.

Wiki tatu baadaye, 8 Machi, Camp Nou. Suárez anafunga dakika ya tatu. Kurzawa anajifunga dakika ya 40. Messi penalti dakika ya 50. 3–0. Cavani anapata goli dakika ya 62, na hesabu sasa inasema Barcelona wanahitaji matatu zaidi. Mpaka dakika ya 87 ni 3–1. Nakumbuka watu walishaanza kuinuka vitini kuwahi bodaboda. Neymar faulo dakika ya 88, Neymar penalti dakika ya 91, Sergi Roberto dakika ya 95. 6–1.

Ukiitazama tena, angalia kitu kimoja: walikosimama mabeki wa PSG tangu dakika ya kwanza. Wako kwenye mstari wa boksi lao. Tangu dakika ya 85 mpaka mwisho, pasi za PSG zilizomfikia mwenzao zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na nyingi kati ya hizo ni zile za kuanzisha mpira katikati baada ya kufungwa. Kocha aliyekuja kusifika kwa kupandisha mabeki juu, siku hiyo timu yake ilirudi nyuma yenyewe na hakuweza kuisogeza. Refa alikuwa na makosa yake, VAR, yaani refa wa video, haikuwepo, lakini woga ule haukuwa wa refa.

Ligi msimu huo ikaenda Monaco ya Mbappé kwa pointi 95. Kiangazi Neymar akaja kwa euro milioni 222, Mbappé akaja pia, na Septemba kwenye mechi na Lyon dunia nzima ikaona Neymar na Cavani wanagombea nani apige penalti. Swali linajiuliza: mpigaji penalti hupangwa na nani? Emery mwenyewe alikuja kulisema wazi alipoondoka: kule Manchester City mwenye timu ni Guardiola, pale PSG mwenye timu ilibidi awe Neymar. Hayo ni maneno ya mtu aliyeelewa kiti chake kilivyo. Msimu wa pili alibeba makombe yote ya ndani, Real Madrid wakamtoa 16 bora Ligi ya Mabingwa, akaaga.

Kwa hiyo mdau anayesema "aliua PSG" atuambie aliua nini. Tuchel aliyemfuata alifika fainali 2020, sawa. Lakini naye alifukuzwa miezi michache baadaye.

#7 – Shabiki wa Arsenal, Tabata

Mkuu tumefika kwetu sasa au bado unazunguka? Naona unakwepa.

#8 – Mleta uzi

Tumefika, kaka. Kaa.

Mei 2018 Wenger anaondoka baada ya miaka 22. Mwezi huohuo Arsenal wanatangaza "Visit Rwanda" begani na kocha mpya kifuani. Aliyemwajiri ni Ivan Gazidis. Gazidis huyo akaondoka kwenda Milan kabla hata ya Krismasi. Mislintat, mkuu wa usajili, akaondoka mapema 2019. Katika miezi kumi, wawili kati ya waliomleta wameshafunga mizigo.

Msimu wa kwanza ukweli ni kwamba mlifurahi. Mechi 22 mfululizo bila kupoteza katika mashindano yote, mkamfunga Spurs 4–2 pale kwenu Emirates. Halafu Aprili ikaja: Crystal Palace wakawafunga nyumbani 3–2, Wolves 3–1, Leicester 3–0, na mwanzoni mwa Mei sare na Brighton nyumbani. Mkamaliza wa tano na pointi 70, Spurs ya Wanyama wa nne na 71. Pointi moja, kaka. Mngepata mbili tu zaidi mngekuwa Ligi ya Mabingwa na huu uzi usingekuwepo. Bado fainali ya Europa kule Baku ilikuwepo kama mlango wa pili, Chelsea wakawapiga 4–1, na Giroud wenu wa zamani ndiye aliyefungua.

Kiangazi yeye alimtaka Wilfried Zaha. Klabu ikamletea Nicolas Pépé kwa pauni milioni 72. Sasa sikiliza, sisemi Pépé ndiye aliyemfukuzisha. Nasema kocha anayemtaka mtu aliyekwisha cheza miaka kwenye ligi ile, akapewa mwingine kwa bei ya kuvunja rekodi, huyo hana sauti.

Mashuti 31 ya Watford ni ya kwake, simtetei. Kupiga pasi fupi kutoka golini na mabeki wasioweza ni uamuzi wake. Na suala la nahodha ni la kwake asilimia mia: alichagua manahodha watano, akawaachia wachezaji wapige kura, akachelewa kumtaja, mwishowe Xhaka. Oktoba 2019 na Palace, anatolewa nje, uwanja unamzomea, naye anaweka mkono sikioni na kuvua jezi. Kocha alikuwa pembeni pale pale, haonekani kujua afanye nini. Novemba 29, baada ya mechi saba bila ushindi, akaondolewa.

Ila ile ya kumcheka anavyotamka "good evening" kama "good ebening" mimi haikuwahi kunichekesha. Mtu kajitahidi kuongea kwa lugha yenu siku ya kwanza kazini.

#9 – Mdada wa Nairobi

Ati sisi wenye tunatafsiri kila kitu kichwani kabla tuongee na mzungu ndio tulikuwa wa kwanza kumcheka. Tulikuwa tunajicheka wenyewe tu.

#10 – Shabiki wa Arsenal, Tabata

Sawa, Gazidis kaondoka. Lakini Arteta alikuta uozo uleule, tajiri yuleyule, tena akamaliza wa nane mara mbili. Hakukimbia. Akamtoa Özil, akamtoa Aubameyang. Rungu halipewi mkuu, linachukuliwa. Emery hakulichukua.

#11 – Mleta uzi

Hii ndiyo hoja bora mpaka sasa kwenye uzi huu, na sina jibu la kuimaliza. Nitasema tu Arteta alisubiriwa misimu miwili ya nafasi ya nane, na viwanja vilikuwa vitupu kwa korona, hakuna wa kumzomea. Emery hakupewa hata Krismasi ya pili.

Villarreal. Mji wenyewe, Vila-real, una watu kama elfu 50, kazi yao vigae. Wangeenda wote uwanja wa Mkapa, viti vingebaki. Mwenye timu ni Fernando Roig, yuko pale tangu 1997, tajiri wa vigae, haongei hovyo. Klabu ya aina hii ndiyo nyumba ya Emery: bosi mmoja, sauti moja.

Msimu wa kwanza tu, Ligi ya Europa. Nusu fainali akakutana na nani? Arsenal ya Arteta. Akawatoa 2–1 jumla, na marudiano Emirates Arsenal hawakupata hata goli. Fainali Gdańsk, 26 Mei 2021, na Manchester United. 1–1. Kocha wa United, Solskjær, hakufanya mabadiliko hata moja ndani ya dakika 90, Emery alishabadilisha watano. Penalti: Villarreal kumi wanafunga, United kumi wanafunga. Wamebaki makipa. Gerónimo Rulli anaweka juu kabisa, anarudi golini, De Gea anapiga, Rulli anadaka. 11–10. Kombe kubwa la kwanza katika historia ya klabu, na la nne la Europa kwa Emery.

Msimu uliofuata, Ligi ya Mabingwa, akaenda Turin akampiga Juventus 3–0, akamtoa Bayern kwa 1–0 nyumbani na 1–1 Munich, goli la Chukwueze dakika ya 88 kwa shambulizi moja la kushtukiza. Nusu fainali mapumziko anaongoza Liverpool 2–0, jumla 2–2, kabla Fabinho, Díaz na Mané hawajamzima. Wazee wa "kocha wa Alhamisi", hizi zilikuwa Jumanne na Jumatano.

Katikati ya hayo, Novemba 2021, Newcastle wenye pesa mpya za Saudia walimtaka. Akakataa. Nadhani Paris ilimfundisha kuuliza kwanza nani anaamua.

#12 – Mdau wa Birmingham

Nawasalimu kutoka huku. Mimi ni Mtanzania, niko Birmingham miaka mingi, na Aston Villa, timu ya huku, niliipenda kwa sababu ya Samatta. Goli lake la fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya City Machi 2020 nililishangilia mpaka jirani akagonga ukuta. Samatta akaondoka, mimi nikabaki.

Niwaambie hali ilivyokuwa kabla Emery hajatoka Villarreal kuja kwetu. Oktoba 2022 kocha Gerrard anafukuzwa, timu inanusa kushuka daraja. Mwingereza mwenzangu kazini alikuwa ananiambia kwa uhakika tunashuka. Mechi ya kwanza ya Emery, Manchester United wanakuja Villa Park, dakika ya 11 tunaongoza 2–0, imeisha 3–1. Tukamaliza wa saba. Msimu uliofuata wa nne, pointi 68.

Kitu usichokiona vizuri kwenye runinga ni mstari wa mabeki. Uwanjani unauona wote. Mpira uko kwa adui, mabeki wanne wako karibu na katikati ya uwanja, unasema leo tunakufa. Adui anainua kichwa kutaka kupiga mpira mrefu, na wote wanne wanapiga hatua mbele kwa pamoja, utadhani wamevutwa na kamba moja. Bendera juu. Msimu wa 2023/24 hakuna timu ligi kuu iliyowanasa watu kwenye mtego wa kuotea kama sisi. Mara nyingine mtego unafyatuka vibaya na tunafungwa goli la kijinga, nalo tumelizoea.

Usiku wa City Desemba 2023 nilikuwepo. 1–0, goli la Bailey. Tulipiga mashuti 22, wao mawili. City ya Guardiola, mabingwa wa Ulaya, mashuti mawili! Siku tatu baadaye tukampiga Arsenal 1–0. Aprili tukaenda Emirates tukawapiga 2–0 wakati wanagombea ubingwa. Pole Tabata.

#13 – Shabiki wa Arsenal, Tabata

Hiyo ya Aprili usiiguse. Mkeka wangu ulikuwa na Arsenal.

#14 – Mleta uzi

Asante sana mdau wa Birmingham, umenipunguzia kazi.

Niongeze la uongozi tu, maana ndiyo hoja yangu. Wenye Villa ni Nassef Sawiris wa Misri na Wes Edens wa Marekani. Walipomchukua Emery walimpa klabu nzima upande wa mpira. Alikuja na watu wake benchi la ufundi, 2023 akaletewa Monchi yuleyule wa Sevilla, Pau Torres akatoka Villarreal kumfuata. Kila anayeingia jengoni anajua anamfanyia kazi nani. Ollie Watkins alimkuta pale, akambana acheze katikati ya upana wa boksi, aache kukimbilia pembeni, na akawa straika mwingine.

Oktoba 2, 2024, Villa ikarudi kwenye mashindano makubwa ya Ulaya nyumbani kwa mara ya kwanza tangu zama za 1983, mgeni ni Bayern. Fainali ya 1982 Rotterdam Villa alishinda 1–0 dhidi ya Bayern. Safari hii Jhon Durán akaingia kutoka benchi, akamwona Neuer katoka golini, akampiga kwa juu. 1–0 tena.

Robo fainali wakakutana na PSG, ile PSG ambayo safari hii kocha wake Luis Enrique ndiye mwenye timu. Paris 3–1. Villa Park Villa wakawa nyuma 2–0, wakarudi 3–2, na dakika za mwisho mabingwa watarajiwa wa Ulaya walikuwa wanapiga mpira popote. Jumla 5–4. Ligi wakamaliza wa sita, pointi 66 sawa na Newcastle wa tano, tofauti magoli. Siku ya mwisho kwa Manchester United, Old Trafford, kipa wa Villa Martínez alipewa nyekundu, na goli la mwenzake Rogers likakataliwa kwa sababu refa alipuliza filimbi kabla mpira haujaingia, hivyo VAR haikuweza kuliangalia. Nafasi ya Ligi ya Mabingwa ikaondoka na pumzi ya filimbi.

#15 – Mzee wa Tanga

Hiyo ya filimbi niliiona. Refa anapaswa kungoja, hata mtoto wa ndondo anajua.

Lakini mwanangu, katika Wahispania waliozunguka Ulaya, mimi bado namweka Rafa Benítez mbele. Valencia kabeba ligi mara mbili, 2002 na 2004, na Kombe la UEFA juu yake. Huyu wako Valencia kabeba nafasi ya tatu. Halafu Istanbul 2005, fainali ya Ligi ya Mabingwa aliyobeba na Liverpool. Emery ana usiku gani wa kufanana na ule?

#16 – Mleta uzi

Mzee, usiku kama Istanbul hana, hilo siwezi kulipinga. Ila Benítez alipoikuta Valencia ilikuwa imetoka kucheza fainali mbili za Ligi ya Mabingwa mfululizo, beki ni Ayala na Pellegrino, kipa Cañizares. Emery alikuta David Villa na Silva wanasubiri kuuzwa. Na tukianza kupima kwa timu kubwa, itabidi mzee utueleze Inter 2010 na Real Madrid 2016: moja hakumaliza mwaka, nyingine Januari alishaondoka.

Fungua uzi wa Benítez mzee, nitakuja na hizo mbili mkononi. Tabata naye najua atakuja, Benítez hakuwahi kuifundisha Arsenal yake.